Mwongozo Kamili: Jinsi Mji Unavyoweza Kupanua Urejelezaji na Kupunguza Taka Zinazopelekwa Dampo

Agosti 10, 2024, dampo la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 30 walikufa. Machi 2017 dampo la Koshe mjini Addis Ababa lilikuwa limeporomoka vilevile na kuua zaidi ya watu 110. Tunapozungumzia kupunguza taka zinazokwenda dampo, tunazungumzia kwanza uhai wa watu wanaoishi chini ya milima hiyo.

Dar es Salaam imejaribu njia ya kuhamisha tatizo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na harufu ya dampo lao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, mamia ya wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi, kilomita kama 30 kutoka katikati ya jiji. Dampo la sasa liko mbali zaidi kuliko la jana, na kila kilomita inayoongezeka inalipiwa mafuta.

Mwongozo huu ni kwa maofisa mazingira na maofisa afya wa halmashauri, watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa na vikundi vya usafi. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, lakini hatua zenyewe zinafaa Mwanza, Mombasa au Bujumbura. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mji unaotaka kweli kupunguza dampo unaanza na taka zinazooza, ndipo unafuata chupa za plastiki. Programu nyingi zinafanya kinyume, na ndiyo sababu chupa zinapungua mitaroni huku malori ya dampo yakibaki yaleyale.

Hatua ya 1: Pimeni kabla ya kununua chochote

Kishawishi cha kwanza ni kununua mapipa ya rangi. Nunueni mizani kwanza.

Chagueni kaya 60 hadi 100 katika mtaa mmoja, za hali tofauti: nyumba zenye geti, wapangaji wa chumba kimoja, mama lishe wawili watatu, duka la rejareja. Kila kaya ipewe kiroba chenye namba. Taka za siku ya kwanza zichukuliwe lakini zisihesabiwe, kwa sababu mara nyingi zimelundikana siku kadhaa. Baada ya hapo pimeni siku saba mfululizo, ili Jumamosi na Jumapili ziingie. Mwageni taka juu ya turubai, zitenganisheni mkiwa na glovu, kisha pimeni kila fungu kwa mizani ya kuning'iniza: zinazooza, plastiki, karatasi na maboksi, vyuma na makopo, vioo, nguo, pampasi na taulo za kike, mchanga na vumbi.

Mchanga usidharauliwe. Penye uwanja unaofagiliwa kila asubuhi, unazolewa pamoja na majani, unaingia kwenye kiroba, kisha mji unalipia usafiri wake hadi dampo. Kuwaomba watu waache mchanga uwanjani na kuzoa majani tu hakugharimu hata shilingi moja.

Mfano wa hesabu: ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mtu mmoja Afrika kusini mwa Sahara hutoa kwa wastani kilo 0.46 za taka kwa siku. Kwa wastani huo, mtaa wa watu 10,000 hutoa tani 4.6 kila siku. Kama vipimo vyenu vitaonyesha kwamba asilimia 60 zinaoza, hizo ni karibu tani 2.8. Kama plastiki zote ni asilimia 10, ni kilo 460, na zenye mnunuzi ni sehemu tu ya hizo. Ukiiona hesabu hii kwa namba za mtaa wako mwenyewe, hutahitaji semina ya kukueleza uanzie wapi. Rudieni kipimo msimu wa maembe na wakati wa masika, maana uzito hubadilika sana.

Hatua ya 2: Watafuteni wanaoifanya kazi hii tayari

Alfajiri, kabla lori halijafika kwenye kizimba cha taka, kuna mtu ameshapita na kiroba mgongoni akiokota chupa na makopo. Jioni anauza kwa mnunuzi wa mtaani mwenye mizani na banda la mabati. Huyo anamuuzia mwenye godauni na mashine ya kubana marobota, na mzigo unafika kiwandani. Mnyororo huu ulijijenga bila bajeti ya halmashauri, na mpango wowote unaouvunja utapoteza tani ambazo tayari zilikuwa haziendi dampo.

Mji wa Pune, India, ulilielewa hili. Mwaka 2008 waokota taka wa huko, wengi wao wanawake, waliunda ushirika wao wenyewe, SWaCH, ukaingia mkataba na manispaa. Wanapita nyumba kwa nyumba, kaya zinawalipa ada ya mwezi, na wanachouza kutoka kwenye taka kavu ni chao. Nyumbani, kata ya Bonyokwa wilayani Ilala, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wakusanyaji walioungana katika ushirika, wakichambulia taka ndani ya eneo lao badala ya kuzipakia zote kwenda Pugu.

Kwa hiyo mtendaji wa kata, pamoja na wajumbe wa mashina, awaandikishe waokota taka na wanunuzi wote wa eneo. Wapewe vitambulisho, glovu nene, viatu vya buti na chanjo za pepopunda na homa ya ini aina ya B, kwa kuwa misumari na sindano ziko ndani ya viroba kila siku. Kikundi kikishasajiliwa, kinaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kikanunua maguta, yaani baiskeli za matairi matatu za kubebea mizigo. Kosa ambalo mji haupaswi kulifanya ni kumpa mkandarasi mmoja zabuni ya eneo zima na kuwafungia wengine nje bila kuwauliza.

Hatua ya 3: Anzeni na mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba

Mtaa wa kwanza uwe na mwenyekiti anayelitaka jambo hili kwa moyo, njia zinazopitika kwa guta hata mvua ikinyesha, na kiwanja cha kituo cha kuchambulia taka kisicho karibu na visima. Bango na gari la matangazo vinasaidia, lakini kinachobadilisha mazoea ni mtu kupiga hodi. Ziara yenyewe haizidi dakika kumi:

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibuni."

"Tumetoka serikali ya mtaa, huyu ni mjumbe wako unamfahamu. Kuanzia Jumatatu tutazichukua taka kwa mafungu. Maganda na makombo yakae kwenye ndoo hii. Chupa, maboksi na makopo yakae kwenye kiroba hiki."

"Na pampasi za mjukuu?"

"Hizo peke yake, mama, kwenye mfuko wa tatu. Usizichanganye na maganda."

Swali la pampasi litaulizwa karibu kila nyumba yenye mtoto, kwa hiyo jibu liwe tayari. Aliye nyumbani mchana ndiye azungumziwe, awe dada wa kazi au bibi, kwa sababu yeye ndiye anayeshika ndoo. Wiki mbili baadaye mrudi, mfunue ndoo pamoja naye, mumwonyeshe kilichokaa vibaya bila kumfokea.

Hatua ya 4: Mafungu matatu, basi

Kijiji cha Kamikatsu, Japani, kinatenganisha taka kwa mafungu zaidi ya 40. Kina watu wasiofikia 2,000 na kimefundishana kwa miaka mingi. Kata ya Dar es Salaam ianze na matatu:

- Zinazooza: maganda, makombo ya ugali na wali, mabaki ya mboga, majani, mifupa ya samaki.
- Kavu: chupa, madumu, maboksi, karatasi, makopo, vyuma, vioo.
- Mabaki: pampasi, taulo za kike, vumbi la ndani, vitambaa vichafu, vifungashio vyenye mafuta.

Betri, taa, dawa zilizokwisha muda na sindano zipokelewe siku moja kila mwezi kwenye ofisi ya mtaa, afisa afya akiwepo. Kazi nyingine ya kuchambua, kwa mfano kutenga plastiki ngumu na laini au boksi na karatasi nyeupe, ifanyike kituoni na watu wanaolipwa. Kaya ikitunza mpaka kati ya kibichi na kikavu, imemaliza sehemu yake. Boksi likishalowa mchuzi, hakuna mnunuzi atakayelitaka.

Kenya imeuweka mpaka huohuo kisheria: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza pale zinapozalishwa.

Hatua ya 5: Tenganisheni kwa siku, si kwa malori

Gari lenye vyumba viwili ni ghali. Guta lilelile linaweza kuchukua zinazooza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, taka kavu Jumanne, na mabaki Alhamisi na Jumamosi. Kwa joto la pwani, zinazooza zisikae zaidi ya siku mbili au tatu. Zikikaa, watu watazimwaga mtaroni na hamtakuwa na la kuwajibu.

Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ulianza kukusanya taka za jikoni mlango kwa mlango mwaka 2006. Baadaye ulipunguza safari za kuchukua mabaki, huku safari za zinazooza zikibaki za karibu karibu. Kilicho rahisi kukitoa ndicho watu wakakitoa, na mji ule ukawa miongoni mwa miji mikuu ya Ulaya inayotenganisha taka nyingi zaidi. Taipei wao walianza Julai 2000 kuwatoza watu kwa mfuko: mabaki yanalipiwa kwa kununua mfuko rasmi, vya kurejeleza havilipiwi. Lori lao hupita na muziki kwa saa maalumu na watu hutoka wenyewe na mifuko yao. Filimbi au kengele ya guta inatosha kufanya kazi hiyo Manzese, mradi saa isibadilike.

Hatua ya 6: Taka zinazooza, penye uzito wote

Anzieni sokoni kabla ya majumbani. Ukifika soko la ndizi la Mabibo, maarufu kama Mahakama ya Ndizi, utaona majani makavu, mikungu na ndizi zilizopondeka vikiwa tayari ni fungu moja safi, pasipo mtu kuhitaji kufundishwa kutenganisha. Manispaa ya Kinondoni ilitumia nafasi hiyo: kwa ushirikiano na mji wa Hamburg, Ujerumani, ilijenga Mabwepande kiwanda cha mbolea ya mboji kinachotegemea taka za masoko, kilichokusudiwa kupokea hadi tani 50 kwa siku. Kila soko kubwa liwe na kizimba cha zinazooza pekee, na uongozi wa soko uzuie mifuko na chupa kuingia humo.

Fuateni mpangilio huu wa matumizi. Kwanza, chakula kinachofaa kuliwa kiuzwe jioni kwa bei ya chini au kigawiwe. Pili, maganda ya ndizi na mabichi mengine yaende kwa wafugaji wa mbuzi na ng'ombe, ambao wako hata ndani ya jiji. Makombo ya hoteli yaende kwa wafuga nguruwe, lakini yachemshwe kwanza. Tatu, kuna ufugaji wa funza wa inzi weusi wanaokula makombo kwa kasi na kuwa chakula cha kuku na samaki. Ni biashara nzuri inayohitaji usimamizi wa kila siku, kwa hiyo mpeni mjasiriamali anayeijua. Kinachobaki ndicho cha mboji.

Mboji haihitaji mashine za kigeni. Pangeni tabaka la mabichi (maganda, makombo, mboga) juu ya tabaka la makavu (majani makavu, vumbi la mbao, maboksi yaliyochanwa). Kwa vipimo vya ndoo, mabichi ndoo moja kwa makavu ndoo mbili ni mwanzo mzuri. Lundo liwe na urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Likiwa dogo halishiki joto. Chukua konzi na uikamue: ikitoa matone machache tu, maji yanatosha; yakitiririka, ongeza makavu. Ndani ya siku chache katikati pawe na joto la nyuzi 55 au zaidi, na lidumu siku kadhaa ili kuua vijidudu na mbegu za magugu. Pindua lundo kila wiki, cha nje kiingie ndani. Baada ya miezi miwili au mitatu utapata udongo mweusi usio na harufu mbaya, na uzito utakuwa umepungua kwa zaidi ya nusu.

Harufu ikianza, jirani atalalamika, na ana haki. Karibu kila mara sababu ni mbili: maji mengi au hewa kidogo. Ongezeni makavu na mpindue siku hiyohiyo. Wakati wa masika lundo lifunikwe au liwe chini ya paa, na sakafu iwe na mteremko wa kupeleka maji kwenye shimo, si mtaroni.

Makumbi ya madafu yanahitaji mpango wake. Muuza madafu mmoja huacha rundo kubwa kila jioni, na yakiingia kwenye lundo la mboji mazima, yatakaa mwaka. Yakatwe, yaanikwe, kisha yatumike kama makavu au kuni. Vifuu navyo ni mkaa mzuri.

Mnunuzi wa mboji atafutwe kabla ya gunia la kwanza. Wauza miche na maua kando ya barabara, wakulima wa mchicha mabondeni na bustani za manispaa wako karibu. Gunia likitoka na kipande cha kioo ndani, mteja hatarudi, kwa hiyo chekecheni kila kitu.

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania hatua hii. Taka za jikoni zikifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto mara 80 hivi kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule. Ndiyo pia inayochochea moto wa madampo usiozimika kirahisi. Korea Kusini ilipiga marufuku mwaka 2005 kufukia taka za chakula dampo, kisha Seoul ikaanza kuwatoza watu kwa uzito wa wanachotupa.

Hatua ya 7: Taka kavu ziende kwa mnunuzi anayejulikana

Kituo cha kata kinahitaji paa, sakafu ya saruji, meza ya kuchambulia, mizani, maji na choo. Mashine ya kubana marobota inalipa pale tu mzigo unaposafiri mbali.

Kabla ya kuahidi kupokea kitu, pata bei kwa maandishi kutoka kwa wanunuzi wasiopungua wawili. Makopo ya alumini na vyuma huwa na soko siku zote. Chupa za vinywaji hupanda na kushuka pamoja na bei za nje, hivyo ushirika uwe na akiba ya kuvuka miezi mibaya. Vioo ni vizito na bei yake ni ndogo: Dar es Salaam, penye kiwanda cha chupa, vinauzika; kutoka Kigoma nauli itameza kila kitu, na huko ni bora chupa zitumike tena zikiwa nzima. Vifungashio vidogo vya sabuni na biskuti kwa sehemu kubwa havina mnunuzi. Viwekeni kwenye mabaki, mvihesabu kwa jina la bidhaa, na hesabu hiyo mpelekeeni waziri na wenye viwanda.

Hakuna kinachochomwa kituoni, hata siku moja.

Hatua ya 8: Fedha na mikataba

Mauzo ya plastiki hayataendesha huduma. Kinachoiendesha ni ada ya kaya. Tuseme mtaa una kaya 2,000, ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi na kaya saba kati ya kumi zinalipa: mapato ni shilingi milioni 4.2. Toeni mishahara, matengenezo ya maguta na safari za dampo, mwone kinachobaki. Kila safari ya lori iliyopungua ni fedha halisi, na sehemu yake irudi kituoni kwa mkataba, si kwa hisani. Kaya inayotenganisha vizuri ipunguziwe ada. Inayochanganya ilipe kamili.

Sasa someni mkataba wa mkandarasi. Kama analipwa kwa tani au kwa safari, kila kilo mnayorejeleza inampunguzia mapato, na hatawaunga mkono hata mkimwita kwenye vikao kumi. Badilisheni malipo yawe kwa kaya iliyohudumiwa. Kwa maoni yangu, kipengele hiki kimoja kina nguvu kuliko mabango yote ya jiji.

Hatua ya 9: Sheria ndogo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu. Halmashauri itunge sheria ndogo ya kutenganisha, ipite baraza la madiwani, iridhiwe na waziri na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Safari hiyo ni ndefu, kwa hiyo rasimu ianze siku mnayoanza kupima. Faini ije baada ya huduma: huwezi kumtoza mtu kwa kuchanganya taka wakati guta la taka kavu halijawahi kufika kwake. Anzeni na hoteli, shule, masoko na kumbi za harusi. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilionekana mitaani haraka kwa sababu lilimgusa mtengenezaji na muuzaji kabla ya kumgusa mama mwenye kikapu.

Hatua ya 10: Panueni kwa kufuata namba

Mtaa wa pili usianze mpaka wa kwanza umekuwa na miezi mitatu mfululizo ambayo ndoo nyingi zikifunuliwa ni safi, wakusanyaji wamelipwa kwa wakati na mboji imeuzika. Wakusanyaji wa mtaa wa kwanza ndio wawe walimu wa mtaa wa pili, na walipwe kwa siku hizo.

Mafanikio yapimwe kwenye mizani ya dampo. Idadi ya mapipa yaliyogawiwa na watu waliohudhuria uzinduzi si kipimo. Pasipo na mizani, hesabuni malori na ujazo wake. Tani zikigoma kushuka, angalieni mambo matatu kwa mfuatano: je, zinazooza zinafika kituoni au zinarudishwa kwenye lori moja na mabaki? Je, soko na hoteli zimeingia? Je, mchanga bado unazolewa?

Kila mwisho wa mwezi bandikeni kwenye ubao wa serikali ya mtaa mistari mitatu: kilo zilizokwenda mboji na mifugo, kilo zilizouzwa, na kilo zilizokwenda dampo. Chini yake wekeni jina la mnunuzi, bei aliyolipa, na kiasi alichopokea kila mkusanyaji.